Uzi: Mwisho usioeleweka kwenye RPG (gemu za kuigiza mhusika), ni usanii au watengenezaji wanatukimbia?

#1 Kibokoni_Usiku (Mji wa Kale), mleta uzi

Assalaam aleykum wadau, na wasioitikia hiyo, mambo vipi. Onyo kabla sijaendelea: humu ndani siri za miisho ya Mass Effect 3, Witcher 3, Fallout 3 na nyingine zitamwagwa bila huruma. Kama hujamaliza, toka sasa hivi, usije ukanifuata inboksi usiku wa manane kunilaumu.

Hoja yangu ni hii. Watu wakikasirikia mwisho wa gemu, neno la kwanza ni "haueleweki". Mimi nasema kutoeleweka si kosa. Nimemaliza gemu ambazo mpaka leo sijui mhusika wangu alikufa au aliishi, na simdai mtu. Kinachoniudhi ni gemu kukuuliza maswali saa 60 nzima, ukayajibu kwa dhati, halafu mwishoni ikuulize swali jingine kabisa kana kwamba hamjawahi kuonana.

Mass Effect 3, Machi 2012. Tulibeba sevu (mchezo uliohifadhiwa) kutoka gemu ya 2007, tukaiingiza kwenye ya 2010, tukaja nayo hadi hii. Tumezika marafiki njiani. Tumefika juu kabisa, mtoto wa nuru anatuwekea njia tatu: kuwavunja Reapers, zile mashine zinazoangamiza viumbe, kuwatawala, au kuchanganya viumbe na mashine. Nyekundu, buluu, kijani. Uliyemuokoa na uliyemwacha, wote wamegeuzwa namba za nguvu ya jeshi, na sinema zenyewe zafanana kasoro rangi. Kelele zilipigwa dunia nzima, hata BioWare walioitengeneza wakatoa Extended Cut mwezi Juni mwaka huohuo, bure. Ikaongeza maelezo ya yaliyowapata wenzako, na njia ya nne ya kukataa zote tatu, ambapo Reapers wanashinda. Hiyo ya nne nahisi iliwekwa kwa hasira, lakini ni mimi hiyo.

Sasa chukua Witcher 3 ya 2015. Baada ya mazishi ya Vesemir, mwalimu mzee, Ciri, binti anayelelewa na Geralt unayemcheza, amekaa amenyong'onyea. Wapewa maneno mawili ya kuchagua. Ukimwambia asijitese, si lazima aweze kila kitu, mnakaa kunywa. Ukimwambia unajua kitakachomchangamsha, mnatoka nje kurushiana madonge ya theluji. Hakuna muziki wa kutisha wala maandishi mekundu, kumbe hapo ndipo mwisho unapopikwa. Matukio ya namna hiyo ni matano hivi: ile maabara ya mwalimu wake Avallac'h anayotaka kuivunjavunja, kaburi la Skjall, kijana aliyemsaidia, kikao na wachawi wa Lodge, safari ya kwa babake Emhyr na zile pesa za malipo. Ukimlea kama mtoto wa kufungiwa ndani, Ciri anaingia kwenye lile janga la Baridi Nyeupe na harudi. Geralt anakwenda kinamasini kumsaka ajuza wa mwisho kati ya wale wachawi watatu wa kinamasi, anaipata medali ya Vesemir, anakaa chini nayo, na mazimwi yanaizunguka nyumba. Pazia. Geralt alikufa? Ciri je? Gemu haisemi.

Mwisho huo una fumbo kubwa kuliko wa Mass Effect, na sikuulalamikia hata kidogo, kwa sababu nilijua nimeutengeneza mwenyewe. Haya, semeni.

#2 PediMbovu (Kisauni)

Yakhe, umeanza vizuri ukamalizia vibaya. Mimi ule mwisho wa Witcher niliupata na nikapigwa na butwaa, na sitawasamehe.

Hebu tazama. Ciri amefiwa. Vesemir ndiye aliyemlea pale Kaer Morhen, na amekufa kwa ajili yake. Kwetu sisi mtu akifiwa unakaa naye. Hutoi hotuba, hutafuti kumchekesha, unakaa. Kwa hivyo nikachagua kukaa naye. Toa ile pombe, niliona hilo ndilo jambo la adabu. Kumtoa mtu matangani ukamrushie theluji usoni, kwetu watu wangekuuliza kama u mzima. Na gemu ikanihesabia kosa! Kimyakimya, bila kuniambia, nikaja kuona matokeo saa nyingi baadaye.

Sasa uniambie, huo ulikuwa uamuzi wangu au ni malezi ya Warsaw, kwa walioitengeneza? Mimi nilijibu swali la msiba, wao walikuwa wakiuliza swali la malezi.

#3 Kibokoni_Usiku

@PediMbovu hilo la matanga ni zito na sikulitarajia. Lakini angalia unavyolizungumza. Wajua kosa lako lilikuwa wapi, siku gani, kwa neno gani. Umekasirika kama mtu aliyehukumiwa. Mimi kwenye Mass Effect nilikasirika kama mtu aliyepuuzwa. Hayo mawili hayalingani.

#4 PediMbovu

Nimehukumiwa bila kusomewa mashtaka. Haya endelea.

#5 BintiGanjoni (Ganjoni)

Nimecheka. Nyote wawili mwalizungumzia jambo hili kana kwamba kuna mtu alikaa akaamua kuwadharau. Mimi naandika programu kazini, wacha niwaeleze inavyokuwa upande wa pili.

Kila uamuzi wenye njia mbili, ukiuacha utawanyike kwelikweli, unazidisha hadithi mara mbili. Maamuzi kumi tu, tayari una hadithi 1,024. Nani ataziandika? Nani atawalipa waigizaji wa sauti kwa matawi ambayo wachezaji wengi hawatayaona maishani? Kwa hivyo karibu gemu zote hufanya ujanja mmoja: tawi linatoka, linazunguka kidogo, linarudishwa kwenye shina. Unachobaki nacho ni alama ndogo ndani ya sevu: "huyu alimuua fulani, ndiyo au hapana". Baadaye mtu akifungua mdomo, gemu inachungulia ile alama na kuchagua sentensi ya kumpa.

Mfano wa huohuo Mass Effect. Gemu ya kwanza wapewa malkia wa Rachni: umuue au umwachilie. Uamuzi mkubwa, kizazi kizima cha viumbe kiko mkononi mwako. Gemu ya tatu ukiwa ulimuua, wanakuletea malkia mwengine wa kutengenezwa na Reapers, na misheni inaendelea vilevile. Kwa nini? Kwa sababu misheni ishajengwa na pesa ishatumika. Si dharau, ni hesabu.

Sasa linganisha na Fallout: New Vegas ya 2010. Obsidian waliitengeneza kwa muda mfupi sana, kama mwaka mmoja na nusu. Mwisho wake ni nini? Picha za mnato na sauti ya msimulizi. Basi. Picha moja kwa kila mji, kila kundi, kila mwenzako wa safari. Hoover Dam, bwawa linalogombaniwa, laweza kuangukia kwa jamhuri ya NCR, kwa jeshi la Legion, kwa tajiri Mr. House, au kwako ukisaidiwa na roboti Yes Man, na ndani ya kila moja kuna vipande vinavyobadilika kulingana na ulivyowatendea watu wa Goodsprings au Novac. Picha ni rahisi, sinema ni ghali. Ndiyo maana mwisho wa kimaskini ulikumbuka mambo mengi kuliko mwisho wa kitajiri. Na hata BioWare walipokuja kurekebisha ule wao, kitu kikubwa walichoongeza ni picha za mnato zenye msimulizi!

Baldur's Gate 3 nayo, Larian walioitengeneza walitangaza miisho 17,000 kabla haijatoka Agosti 2023. Usidhani kuna sinema 17,000. Ni vipande vidogo vinavyopangwa na kupanguliwa. Na bado watu walisema yaisha ghafla, mpaka Novemba wakaongeza ile sherehe ya kambini miezi sita baada ya vita, mkutane na wenzako mliotawanyika. Hakuna kitu pale isipokuwa mazungumzo, na ndicho watu walichokuwa wakikililia.

#6 Mvuvi_wa_Tudor (Tudor)

Nyinyi mna muda wallahi. FIFA dakika 90, umeshinda au umefungwa, unaenda kula viazi karai. Mwisho waeleweka.

#7 BintiGanjoni

@Mvuvi_wa_Tudor na ukifungwa unasema pedi ilikwama. Hata wewe una miisho miwili.

#8 MzeeWaDisketi (Tononoka)

Shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa.

Binti amesema kweli kuhusu gharama, lakini wote mwatazama upande mmoja: uamuzi ulibadilisha nini duniani. Kuna gemu zisizojali hilo. Zenyewe zauliza uamuzi umekubadilisha nini wewe.

Mwaka 1999 ilitoka Planescape: Torment. Mhusika hafi kabisa: kila akifa huamka tena, na vifo vya nyuma vimemsahaulisha alikuwa nani. Katikati ya safari ajuza mmoja, Ravel, anamuuliza: nini chaweza kubadili hulka ya mtu? Orodha ya majibu unayopewa ni ndefu, na hakuna moja lililowekewa tiki. Mimi nilikuwa kijana, nikajibu kitu cha kijana. Nimeirudia mtu mzima mwenye watoto, nikajibu kingine. Gemu haikubadilika hata chembe baina ya mara hizo mbili.

Halafu 2019 wakaja wale Waestonia wa ZA/UM na Disco Elysium. Polisi mlevi aliyepoteza kumbukumbu, na ujuzi 24 ambao kila mmoja una sauti yake kichwani mwake, unamshauri, unamdanganya, unamtia kiburi. Mambo huamuliwa kwa dadu mbili. Mitihani ya dadu iliyo myeupe waweza kuirudia ukijiongezea ujuzi. Myekundu ni mara moja tu, ukianguka umeanguka, na mara nyingi kuanguka kwenyewe kuna uhondo kuliko kufaulu.

Mwisho wake uliwakera wengi. Unachunguza mauaji gemu nzima, unagombanisha bandari na kampuni, unashuku kila mtu, halafu muuaji ni mzee mmoja mtoro wa vita aliyejificha kisiwani, ambaye hujawahi kumuona hata mara moja. Watu wakauliza: nilichunguza nini sasa? Lakini ukirudi ufukweni wenzako wa kituo wamekusubiri, na hapo ndipo unapopimwa. Ulikunywa au hukunywa, ulifanya kazi au ulipiga soga. Kama Kim, askari mliyechunguza pamoja, yuko nawe, naye atasema alichokiona. Kesi imejifunga yenyewe, wewe ndiwe uliyebaki wazi. Wakikurudisha kazini, kama utadumu nayo, hilo huonyeshwi.

Kwa hivyo ami yangu Kibokoni, hoja yako ya "swali jingine kabisa" haishiki kila mahali. Pale swali la mwisho halikuwa lile tulilodhani tunajibu, na bado lilinikaa sawa.

#9 Kibokoni_Usiku

Marahaba mzee wangu, yaani shikamoo, umenichanganya mpaka na salamu.

Ila hapo naona uko upande wangu. Wale wenzangu wa kituo waliuliza juu ya mambo niliyoyafanya: nilikunywa, nilimpuuza Kim, nilipiga makelele kwenye mkahawa. Muuaji tu ndiye mgeni. Mass Effect ilifanya kinyume: adui nilimjua miaka mitano, hakimu ndiye aliyekuwa mgeni.

Na kwa wanaosema fumbo lolote ni usanii, nawapa Fallout 3 ya 2008. Mwisho wa kwanza kabisa, kabla ya nyongeza. Kuna chumba kimejaa miale ya sumu, mtu lazima aingie abonyeze namba, na atakufa. Nyuma yangu amesimama Fawkes, jitu lisilodhurika na miale, lililokwisha kuniingilia chumba kama hicho na kutoka mzima. Namwambia ingia. Anajibu kwamba hii ni hatima yangu, hawezi kuninyang'anya. Hatima! Hapo hakuna fumbo, ni mwandishi ameona shimo akalifunika na mkeka. 2009 wakauza Broken Steel, Fawkes akakubali kuingia. Uamuzi wa maana niliulipia mara ya pili.

#10 PediMbovu

Nawapa kisa, kisha mniambie uamuzi ni wa nani.

Pale baze yetu twalipia kwa saa. Pedi moja, kochi moja, na nyuma ya kochi watu wamejaa wakingoja zamu ya mpira. Aliyeshika pedi hachagui kitu, ni kibarua tu. Siku moja nimefika kwenye misheni ya Baron, mtawala mmoja wa Witcher 3. Kuna roho imefungwa chini ya mti, yaomba iachiliwe, yaahidi itawaokoa mayatima walioko kinamasini kwa wale maajuza. Mimi nasoma Kiingereza, nawahadithia walioko nyuma.

Mara vurugu. Mmoja asema watoto kwanza, hakuna mjadala. Mwengine, dereva wa tuktuk aliyeingia kuchaji simu tu, asema jini akiwa kwenye chupa huahidi lolote, muulizeni alifungwa kwa nini. Mwenye baze, ambaye siku zote shida yake ni saa, akaacha kuhesabu sarafu akasogea mbele. "Soma tena pale ilipoapa." Nikasoma tena. Wakapiga kura kwa mikono, watoto wakashinda.

Tukaiachilia. Mayatima wakapona. Roho ikaenda kuwaua watu wa Downwarren. Anna, mke wa Baron, akafa, na Baron akajitia kitanzi kwenye mti wa uani kwake. Yule wa tuktuk akasimama juu ya stuli: "Si niliwauliza alifungwa kwa nini?" Aliyepigania watoto akamjibu, watoto si wako hai? Sasa kelele nyingine, maana kuna aliyeimaliza zamani akasema ukiiua roho, mayatima wanaliwa, na Anna abaki hai lakini akili zimemruka, Baron amchukua kumpeleka kwa mganga wa milimani. Watu wakabishana mpaka zamu ya mpira ikapita. Mwenye baze akatutoza saa nzima ambayo pedi haikuguswa, na naye mwenyewe alikuwa akibishana!

Ndiyo maana sikubaliani na BintiGanjoni kwamba ni hesabu tu. Ile misheni haikuwa na matawi mengi, yalikuwa mawili makubwa. Lakini yote mawili yana maiti. Mtu akicheza peke yake nyumbani, akiumia atafungua YouTube atazame tawi la pili, amalize. Pale baze hakuna aliyekubali kutazama, kwa sababu mwenzake angepata ushindi.

#11 BintiGanjoni

Hicho kisa cha tuktuk kimenimaliza.

Na umegusa kitu. Adui mkubwa wa uamuzi kwenye gemu ni sevu. Sijaona mtu anayejutia chochote iwapo aweza kurudi nyuma dakika tano. Undertale ya 2015 ilijaribu kuziba hapo: ukiua kila mtu mpaka mwisho, hata ukianza upya ukacheza kwa wema, mwisho wa furaha unakuja na doa. Ilikumbuka. NieR: Automata ya 2017 ikafanya kinyume chake. Mwisho wa tano unapigana na majina ya waliotengeneza gemu, washindwa peke yako, wachezaji wengine duniani wanakuja kukusaidia. Kisha waulizwa: wewe nawe uko tayari kumsaidia mtu usiyemjua? Bei yake ni sevu zako zote. Ukikubali zinafutwa mbele ya macho yako, moja moja. Huo ndio uamuzi pekee kwenye gemu ambao mkono wangu ulitetemeka.

#12 PediMbovu

NieR usinitajie. Baze jirani kuna kijana aliubonyeza huo "ndiyo" kwa moyo safi kabisa, machozi yamlenga. Kwenye akaunti ya baze. Humo mlikuwa na sevu za watu wengine wawili. Alimsaidia mtu asiyemjua, wanaomjua wakamsaka mpaka Bombolulu.

#13 MzeeWaDisketi

Hahahaha. Sasa huo ndio uamuzi wenye matokeo.

#14 Mvuvi_wa_Tudor

Haya swali la dhati, msinicheke. Hakuna za huku kwetu za namna hii? Hawa wote ni wazungu na Wajapani.

#15 BintiGanjoni

@Mvuvi_wa_Tudor kuna Aurion ya Kiro'o Games wa Kameruni, ilitoka 2016, hiyo ni RPG kamili, ila hadithi yake inakupeleka yenyewe. Na Tales of Kenzera: Zau ya 2024, ya Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Si RPG hasa, ni ya kurukaruka na kupigana, na haikupi uamuzi wa mwisho. Lakini waweza kuicheza yote kwa sauti za Kiswahili. Ya kwetu yenye maamuzi ya kubishaniwa namna ya Baron sijaiona bado. Ikija, yule dereva wa tuktuk aajiriwe kwenye uandishi.

#16 Kijana_Likoni (Likoni)

Wadau salaam. Nimesoma uzi wote kwenye foleni ya feri. Witcher 3 nimeipata ya mtumba, naianza leo usiku. Nikifika kwa huyo Baron nifanyeje?

#17 PediMbovu

Iachilie.

#18 MzeeWaDisketi

Iue, mwanangu. Mwenye tuktuk alikuwa na haki.

#19 Kibokoni_Usiku

Msimwambie kitu! @Kijana_Likoni onyo niliandika juu kabisa, mstari wa pili, na wewe umesoma mpaka chini?

#20 Kijana_Likoni

Nilisoma ndugu yangu, ila majina yashanipotea yote. Huyu Ciri ndiye mke wa Baron, sivyo?

#21 Kibokoni_Usiku

Ndiye. Nenda hivyohivyo, usimuulize mtu mwingine.